Mwanaume Kwenye Foleni

Jumamosi ile, wanawake zaidi ya mia walijipanga uwanjani Bukoba kupimwa matiti bure. Nuriat, mwalimu wa Buganguzi wilayani Muleba, alikuwa ametoka kwao alfajiri, gauni la kijani, mtandio wa rangi ya chungwa, akiogopa majibu. Mwaka uliopita alimzika shangazi yake, aliyeificha saratani ya titi mpaka ikatoa kidonda.

Mbele yake alisimama mwanaume pekee kwenye foleni, shati jeupe limenyooshwa vizuri.

"Kaka, umemshikia mkeo nafasi?" Nuriat akamuuliza.

Akina mama wakaangua kicheko.

"Eeh," akajibu, akitazama viatu vyake.

Aliitwa Muksini, fundi cherehani wa Kibeta. Alimchekesha Nuriat hadi akasahau kuogopa.

"Gauni linakubana begani. Nipe namba, nitakurekebishia."

Namba akampa, kwa ajili ya gauni tu. Muuguzi alipoita, Muksini akampisha, akatokomea.

Nuriat alikutwa salama, akafundishwa kujichunguza kila mwezi. Juma lililofuata alimpelekea Muksini gauni, na simu za jioni zikaanza.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Na mkeo, umemuuliza?"

"Nuriat, sina mke."

"Sasa foleni ile ulimpangia nani?"

Simu ikakatika. Nuriat alipopiga tena, haikupokelewa. Alilia kwa hasira, maana alikwisha kumpenda, akaifuta namba. Baada ya siku kumi akaenda Kibeta kuchukua gauni lake, ili asimwone tena muongo yule.

Alimkuta cherehanini. Upande wa kushoto wa shati lake palikuwa na doa bichi, jekundu.

"Umejichoma sindano?"

Muksini akaliziba kwa kiganja. "Foleni ilikuwa yangu. Kuna kivimbe nyuma ya chuchu tangu Ramadhani. Sasa kinatoa maji yenye damu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Kwamba mwanaume mzima naumwa ugonjwa wa wanawake?"

Hata shangazi alikaa kimya hivihivi.

"Mwanaume naye ana titi, Muksini. Funga duka."

Hospitalini daktari hakushangaa. Alikata kipande kidogo cha kivimbe kikapimwe maabara, wakasubiri majibu siku kumi na tisa, kila mlio wa simu ukiwashtua. Ilikuwa saratani. Haikuwa imesambaa, lakini upasuaji ungefanyika Mwanza, wiki iliyofuata.

Nje, Muksini aliketi kwenye ngazi. "Rudi Buganguzi, mpenzi. Usije ukafanywa mjane bure."

"Nyamaza, waitu, mwenzangu!" Nuriat akaketi kando yake. "Naogopa sana. Ila nataka niogope nikiwa mkeo. Mpigie baba yangu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akamtajia namba, Muksini akaikosea mara mbili. Nuriat akaibonyeza mwenyewe, akamshikia simu sikioni.

"Haloo? Nani mwenzangu?" mzee akauliza.

Muksini akafumba macho.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Muksini. Mimi ni mgonjwa, na naomba kumuoa binti yako."