Sarafu Iliyokosewa Mara Mbili

Droo wazi, kisanduku wazi, sarafu hakuna. Kinyozi alikuwa amejishika kichwa kama aliyefiwa.

"Ilikuwaje hiyo sarafu?" Inspekta aliuliza.

"Ilichapwa kombo. Simba amekatika nusu! Mashine ya kiwanda ilikosea, nami nikaipata. Kesho ilikuwa iende kwenye maonyesho."

"Unamshuku nani?"

"Huyo!" Akamnyooshea kidole daktari wa meno, mkusanyaji mwenzake tangu ujana. "Jana aliikodolea macho mpaka chai ikampoa. Mkamate!"

"Leo mimi mwizi?" daktari aliuliza. "Basi tusijuane tena."

Inspekta aliumia moyo. Sarafu hupatikana, lakini rafiki wa namna ile ukimpoteza umempoteza.

Akainama na kioo cha kukuzia. Hakuna kilichovunjwa. Juu ya kifuniko palikuwa na alama ya dole gumba, nzima, yenye majivu.

"Nyinyi sarafu mnaishikaje?"

Wote wawili wakashika hewa kwa ncha za vidole, kwa adabu ile ile. "Ukingoni, na glovu," wakajibu pamoja, kisha wakakumbuka kwamba wamegombana.

Inspekta alijizuia kucheka. Hawa wasingegusa kisanduku kwa vidole vyenye majivu hata usingizini. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza, akaelekea jikoni, kinyozi akimfuata.

Sufuria zote zilikuwa ziking'aa. Mama mkwe wa kinyozi, aliyekuja kuwatembelea, aligeukia dirishani.

"Shikamoo, mama. Sufuria hizi unazisugua na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Majivu na ndimu." Akafungua fundo kwenye pindo la nguo yake. "Na hii pia. Mkwe wangu aende mbele za watu na kitu cheusi vile? Nikaisugua. Jioni namsikia anamwambia mkewe, sarafu kama hii ukiisugua umeua thamani yake. Nikashikwa na aibu, nikaificha."

Kinyozi aliipokea. Nusu simba wake alikuwa aking'aa. Akaisogeza karibu na macho, halafu akaangua kicheko.

"Daktari, njoo uone! Kosa la kiwanda, na juu yake kosa la mama mkwe! Nani mwingine anayo?"

Daktari alikuja akiwa amenuna. Akaitazama, akaigeuza. "Hakuna," alisema, naye kicheko kikamshinda. "Duniani hakuna."

"Nisamehe, ndugu yangu. Kesho utaibeba wewe."

Walikumbatiana, na Inspekta akafurahi kama aliyepewa zawadi yeye. Akavaa kofia aondoke.

"Mwanangu," mama mkwe aliita, "mbona nembo ya kofia yako imefifia hivyo?"

Inspekta akaivua, akampa.