Mzizi wa Tangi la Tatu

"S-L-M. TANGI LA TATU. SAA NNE."

Ujumbe ulinaswa hewani saa tatu na robo asubuhi. Genge lile lililotishia kutia sumu matangi ya maji ya mji lilikuwa na mtindo wake: hutupa irabu, hubakiza mzizi wa neno la Kiarabu, mwenye akili ajijazie.

Mkuu wa kitengo alijijazia.

"Salama," alisema. "Tangi la tatu wameliacha. Vikosi vyote viende la kwanza na la pili."

Vikatoka.

Jasusi waliyemwita Kamusi alibaki ameukodolea macho ule ujumbe. Kabla ya kukabidhiwa bastola alikuwa amehariri kamusi miaka sita, na jina likamganda.

"Mkuu, mzizi huu una watoto wengi. Salamu ni wake. Kusilimu ni wake. Hata usalama huu unaotulipa mshahara. Mwezi uliopita waliandika herufi hizihizi, na siku hiyohiyo mapipa ya sumu yakapokelewa ghalani mwao. Hii si salama. Ni salimisha. Wanakabidhi mzigo."

"Ukikosea?"

"Nitakuwa nimepoteza petroli."

"Na nikikosea mimi?"

Kamusi alishafika mlangoni.

Saa nne kasoro dakika nane, Land Cruiser ilisimama nje ya uzio wa tangi la tatu.

Lango wazi.

Kibandani birika lilikuwa likichemka. Mlinzi alilala kifudifudi chini ya meza, kofia bado kichwani. Kamusi alimgusa shingo. Ilikuwa na joto, lakini mshipa haukupiga.

Akafungua redio ya Motorola.

"Mkuu, mlinzi ameuawa."

"Nimevigeuza vikosi. Dakika kumi na mbili. Wasubiri."

Dakika kumi na mbili zilitosha kuunywesha mji mzima sumu.

Hakusubiri. Alivua viatu, akapanda ngazi ya chuma bila kishindo.

Juu, mwanamume mwenye ovaroli ya idara ya maji alikuwa amepiga magoti kando ya mfuniko ulio wazi. Pipa dogo la bluu lilikuwa mbele yake. Lakiri imekatwa.

"Salimu amri."

Mwanamume aligeuka polepole. Akaitazama bastola ya Beretta, kisha uso wa aliyeishika.

"Wengine husalimiana kwanza, dada."

Mkono wake wa kulia ulikuwa ukishuka kiunoni.

Risasi mbili.

Aliangukia pipa. Pipa likapinduka, likaanza kubingirika kuelekea mdomo wa tangi. Kamusi alijirusha, akalidaka kwa mikono miwili shubiri moja kutoka ukingoni. Kifuniko cha pipa kilikuwa bado kimekaza. Alilala pale akilikumbatia mpaka pumzi ikamrudia.

"Kamusi. Hali?"

"Maji hayajaguswa. Mtu wao amekufa."

"Kama ningekuuliza kabla ya kuvitoa vikosi..."

"Mlinzi angekuwa anakunywa chai."

Alishuka na pipa lake. Akavaa viatu. Akazima jiko kibandani, akamfunika mlinzi kwa koti lake mwenyewe.

"Mlinzi ana mke?" aliuliza redioni.

"Na mabinti wawili. Ila kuna watu wa kupeleka taarifa za msiba, Kamusi."

"Najua wapo. Nipe anwani."

Ving'ora vilipoingia langoni, alishavipa mgongo, akitembea taratibu kuelekea garini.