Mapenzi ya Migongo Mibovu

Verna Stidham alimdharau Delmar kabla hata hajaketi. Kliniki ile ya utafiti jijini Dayton ilijaa watu waliopinda kwa maumivu ya kiuno, na Delmar ndiye pekee aliyekuja na shati la maua na viatu vya ngozi ya nyoka.

"Umekuja kutibiwa au kuposa?" Verna akamuuliza.

"Inategemea, mrembo. Kiti hicho kina mwenyewe?"

"Kina mkoba wangu, na mkoba wangu haupendi watu."

Delmar akauhamisha mkoba, akakaa. Verna alicheka, akajichukia kwa kucheka.

Walikuja kufanyiwa majaribio ya dawa mpya ya maumivu ya jamii ya afyuni, kidonge kimoja asubuhi kinachofanya kazi polepole hadi kesho yake. Daktari, kijana wa meno meupe asiyewahi kuinua hata gunia, aliwaeleza kuwa majuma sita ya kwanza wote watapewa dawa yenyewe. Baadaye nusu yao watabadilishiwa kidonge kitupu, kisicho na dawa, kwa siri.

"Yaani mnatupa nafuu, kisha mnatupokonya mwone nani atalia?"

"Ndiyo sayansi, mama."

"Ndiyo upuuzi."

Majuma sita hayo walicheza dansi kila Jumamosi. Delmar, fundi wa mapaa, alimzungusha Verna mpaka gauni lake jekundu likapepea. Kila asubuhi alimpigia: "Umeamka, malkia?"

Juma la nane simu zikakoma. Verna, ambaye bado alikuwa mzima kabisa, akapiga yeye.

"Leo siwezi, mpenzi. Nina kazi ya paa."

"Jumapili? Paa la mwanamke gani?"

Verna akakata simu.

Kule kliniki Verna alimsikia Delmar akimwambia muuguzi kwamba kwa kipimo cha maumivu yuko kwenye mawili tu kati ya kumi. Mawili! Mwanamume mzima, haumwi, na kucheza naye hataki. Verna akampita bila salamu. Takataka iliyovaa shati la maua.

Jumatano akaenda nyumbani kwa Delmar kumrudishia koti alilomwazima usiku wa dansi. Mlango ulikuwa wazi. Delmar alilala chali kwenye sakafu ya jikoni, miguu juu ya kiti, jasho likimtiririka, simu ikiwa mbali na mkono wake.

"Tangu lini?" Verna aliuliza.

"Leo, tangu asubuhi. Lakini maumivu yalirudi wiki tatu zilizopita."

"Na yale mawili yako?"

"Ningesema tisa wangenitoa kwenye jaribio. Ningekuona wapi? Na wewe unacheza kama msichana. Nani angemtaka babu wa sakafuni?"

"Pumbavu! Wataandika kwamba kidonge kitupu kinatibu, kwa uongo wako!"

Verna alipiga simu kliniki mwenyewe, akamwekea sikioni. "Waambie."

Delmar aliwaambia yote. Wakamtoa kwenye jaribio, wakamtaka aende kesho yake akaangaliwe.

Verna akavua viatu, akalala kando yake kwenye vigae vya baridi.

"Sasa utaniacha?"

"Hakuna mwanamume ninayemdharau kama wewe mji huu mzima."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Hujauliza kitu."

Delmar akauliza palepale kama atakubali amwoe, macho yakiwa darini. Verna akalinyoosha gauni lake kwanza, makusudi, ateseke kidogo.

"Ndiyo," akasema. "Ila usitabasamu."