Maneno ya Redio

Mtaa mzima ulimwita Redio, naye hakuchukia. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Tangu asubuhi vidole vyake vilisuka na mdomo wake haukukauka. Alitania, alipasha habari, alimgombeza binti aliyekuwa akijifunza kazi kwake.

"Fumua hapo! Hizo ni nywele au nyavu?"

Wateja walivunjika mbavu.

Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti na madirisha. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache mno. Jioni alikula, akamsikiliza mkewe, akalala. Wageni wakimuuliza jambo, Redio alijibu kwa niaba yake. Ndivyo walivyoishi, na wote wawili waliridhika.

Kisha Redio akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea. Baada ya matibabu mguu ulipata nafuu, akaanza kutembea kwa fimbo. Maneno ndiyo hayakurudi. Alifungua kinywa, ikatoka sauti moja tu: "Ta, ta, ta."

Nyumba ikapoa. Fundi hakuwahi kudhani kwamba ukimya ungemchosha mtu kama yeye. Ulimchosha. Alimkosa mkewe, na mkewe alikuwa amekaa mbele yake.

Sasa yeye ndiye aliyemjibia. Jirani akiuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Fundi alisema, "Hajambo." Redio aligeuzia uso ukutani.

Mchana, akiwa karakanani, moyo wa fundi haukutulia. Je, mkewe akianguka akiwa peke yake? Akaamua. Shemeji yake, kaka wa Redio, angekuja kumchukua. Angekaa huko kwa kaka, mbali, kwenye nyumba yenye watu wengi. Fundi alifunga saluni kwa kufuli. Alimwambia yule binti atafute kazi kwingine. Akapanga nguo za mkewe kwenye begi, akaliweka pembeni. Redio alitazama yote hayo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angejibu nini naye?

Wiki ile walikwenda zahanati kwa mazoezi ya kuongea. Hapo walimkuta mwalimu wa kompyuta. Yeye na wenzake walijitolea siku zao za mapumziko. Walikusanya simu zilizotumika, wakazitengeneza, wakaweka ndani picha zinazosema. Waliwapa bure watu waliopoteza usemi.

"Ukigusa picha, simu inakusemea," mwalimu alieleza. "Haya baba, tuweke maneno gani?"

Fundi alifikiri. "Maji. Chakula. Choo. Dawa. Naumwa."

Mwalimu akayaweka yote.

Nyumbani Redio aligusa picha ya kidonge. Simu ikasema, "Dawa." Aliisikiliza, akaisukuma chini ya mto. Fundi aliitoa. Redio akairudisha palepale.

Siku ya mapumziko mwalimu alikuja kuwatembelea. Fundi alimpokea mlangoni.

"Imemshinda," alisema kwa huzuni. "Nadhani akili nayo imekwenda."

Fimbo iligonga sakafu kwa kishindo. Wakageuka. Redio alikuwa amewakodolea macho, na machozi yalikuwa yanamlenga.

Mwalimu alikwenda kukaa karibu naye. "Dada, unanielewa ninachosema?"

Redio akainua mkono wa kushoto.

"Simu hii ni ngumu?"

Akatikisa kichwa.

"Basi hayo maneno ndiyo mabaya?"

Mkono ukapanda juu, na haukushuka.

Mwalimu akashika tama. "Fundi, kosa ni langu. Maneno ni yake, mimi nikakuuliza wewe. Tumemjazia maneno ya mgonjwa tu. Hata mimi ningeitupa."

"Kwa hiyo anaelewa?"

"Kiharusi kinaweza kuchukua usemi kikaacha akili. Mtaalamu wa zahanati amempima. Anaelewa. Usimjibie, muulize mwenyewe. Uliza swali moja, fupi, la ndiyo au hapana. Kisha ngoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe."

"Na yale mazoezi ya kuongea?"

"Aendelee nayo. Simu ni fimbo tu. Hiyo fimbo yake imemzuia kutembea?"

Redio alikuwa ameshasimama. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa saluni, akaligonga kufuli. Fundi akatafuta ufunguo, akafungua.

Wakamwita yule binti, kwa kuwa yeye aliyajua maneno ya saluni. Redio alionyesha kitu kwa kidole, mwalimu akakipiga picha. Kitana. Kiti. Kioo. Kwa kila picha waliuliza, wakangoja.

"Hapa tuseme 'Karibu mteja'?" binti aliuliza.

Kichwa kikatikisika.

"Tuseme 'Fumua hapo'?"

Mkono ukaruka juu. Binti akaingiza sauti yake kwenye simu, kwa ukali uleule wa Redio. Redio akacheka. Fundi alikuwa akielekea karakana wakati huo. Alisikia kicheko kile akiwa nje, akasimama kidogo, akafuta macho kwa kofia yake.

Siku chache baadaye shemeji aliwasili.

"Haya shemeji, tumchukue mgonjwa wetu kabla jua halijawa kali," alisema, akalishika lile begi.

Redio akavuta simu. Akagusa picha ya begi, ambayo yeye na binti walikuwa wameiweka.

"Siendi," simu ikasema.

Shemeji akaliachia begi. Redio akagusa tena, mahali pengine.

"Hamkuniuliza."

Fundi aliona aibu mpaka masikioni. Alichuchumaa mbele ya mkewe.

"Ni kweli. Sikukuuliza," alisema. "Unataka kubaki hapa?"

Akangoja. Mkono ukainuka.

"Naogopa utaanguka. Huyu binti akishinda na wewe saluni mpaka nirudi, itafaa?"

Akangoja tena. Mkono ukainuka, halafu ukamgusa shavu.

"Ama kweli," shemeji alisema huku akicheka, "Redio imewaka tena!"

Fundi alikwenda karakana akakata mabomba, akachomelea vyuma vya kushikilia. Akavifunga ukutani, kutoka kitandani mpaka saluni. Binti akarudi kazini. Redio alikaa kwenye kiti chake, simu mapajani, macho kwenye vidole vya binti.

"Fumua hapo!" simu ilisema, na binti alifumua. Wateja walivunjika mbavu kama zamani. Jirani akiuliza hali, fundi alimjibu, "Si huyo hapo? Muulize mwenyewe."

Jioni moja fundi alikaa kula, kimya, kama ilivyokuwa desturi yake. Kabla ya kuweka simu kwenye chaji, Redio aligusa picha ambayo mumewe hakuwahi kuiona. Ilikuwa sura ya fundi mwenyewe, na kofia yake ya kazi.

"Leo ongea wewe," simu ikasema.

Fundi akakuna kichwa. Redio hakumsaidia. Alimtazama tu, akangoja.

"Leo," fundi akaanza polepole, "nimechomelea geti likatoka upande..."

Redio akaegemea kiti, akasikiliza.