Indiketa ya Kulia

Plagi ya trela ilikuwa mkononi mwa Nélida, fundi umeme wa magari, haijachomekwa popote, lakini indiketa ya kulia iliwaka ikazima, ikawaka ikazima.

"Umeona sasa?" don Hilario, mzee mwenye trela, alinong'ona. "Na ikiwa barabarani ndiyo balaa."

Kwenye nyanda zile za pampa, lori likiwasha indiketa ya kulia linamwambia aliye nyuma: pita, mbele kweupe. Madereva wanaaminiana hivyo. Hata Ramiro, mume wa Nélida, aliamini. Alipita, akakutana uso kwa uso na lori la ngano, likashika moto, naye akafa. Dereva aliyekuwa mbele yake aliapa huku akilia kwamba hakugusa indiketa, na watu wote wakamwita mwongo.

"Mwanangu Yanina atanifuata nyuma na gari dogo, kabeba wajukuu," mzee alisema. "Na ng'ombe lazima wafike mnadani. Itengeneze, binti yangu. Si unaongea na nyaya kuliko watu?"

"Nyaya hazinisengenyi, don Hilario. Nenda kalale, jua kali."

Mzee akaenda kujilaza nyumbani kwa bintiye, maana saa ile ya mchana kijiji kizima hulala. Nélida alifunga mlango wa banda kuzuia joto, akajimiminia yerba, chai chungu ya majani. Kibuyu cha yerba hunywewa kwa zamu, mmoja anamimina, mwenzake anapokea na kukirudisha kitupu. Yeye alimimina, akajipokelea mwenyewe, kama kila siku tangu msiba. Upweke ulikuwa umemzoea.

Akapima waya mmoja mmoja. Ethi, ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi, ilikuwa safi, hapakuwa na kutu wala waya uliochunika. Akachomoa balbu. Taa ikaendelea kuwaka.

Ndipo ikaja harufu ya ngano iliyoungua, kisha mlio wa tik, tik, ule unaosikika ndani ya gari dereva akiwasha indiketa, ingawa trela haina kitu cha kulia hivyo, na mlio ukasogea, ukamzunguka, ukatua nyuma ya shingo yake karibu kabisa, mpaka akahisi pumzi.

"Neli," sauti ilisema. "Pita, Neli. Mbele kweupe."

Ramiro peke yake ndiye aliyemwita Neli.

Wazee walimfundisha: taa mbaya, ile ya roho za wafu, ikikujia, ng'ata ala ya kisu, sali, itakwenda zake. Alichomoa kisu cha kiunoni pamoja na ala yake, akaing'ata mpaka ladha ya ngozi ikafika ulimini, akaanza sala, lakini katikati ya sala akajiuliza itakwenda wapi, ikamjia picha ya Yanina nyuma ya usukani na watoto wakiimba, na taa inawaambia piteni, na zaidi ya hayo, aibu iliyoje, moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha kusikia jina lile.

Akashusha kisu.

"Toka kwenye trela ya watu," alisema. "Kama unanitaka mimi, njoo kwangu."

Taa ikazima.

Don Hilario aliporudi, alichomeka plagi kwenye lori lake, akajaribu kulia, kushoto, breki. Kila kitu kilitii.

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Ethi."

"Ethi tu! Na mimi nilishaanza kutubu dhambi za ujanani!"

"Endelea tu kutubu, bado ziko nyingi."

Akaondoka akicheka. Yanina akafuata nyuma, watoto wakipunga mikono dirishani. Nélida alisimama akiitazama ile taa ya kulia mpaka msafara ukapotea. Haikuwaka hata mara moja. Alimshukuru Mungu, akalia kidogo, kisha akageuka kurudi ndani.

Nyuma ya banda kulikuwa na pikapu ya Ramiro, iliyobondeka mbele, betri ilishatolewa zamani. Alikuwa ameshindwa kuiuza. Indiketa yake ya kulia ilikuwa inawaka na kuzima.

Kisu alikiacha mezani. Alichukua birika na kibuyu, akaufungua kwa nguvu mlango wa abiria uliopinda, akaketi. Alimimina yerba, akakinyoosha kibuyu kuelekea kiti cha dereva.

Kibuyu kikarudi kitupu.