Rangi ya Njano Aliyoifuta Narae

Saa saba mchana, mkahawa wa supu karibu na stesheni ya Seomyeon ulikuwa umefurika hadi mlangoni. Sisi watu wa Busan tukiwa na njaa hatuna adabu, na siku hiyo foleni nzima ilikuwa inaguna kwa sababu ya bibi mmoja aliyeshindwa na mashine ya kuagizia chakula. Kila akigusa kioo, mashine inamrudisha mwanzo.

"Aliyetengeneza kitu hiki hana bibi," alisema kijana aliyekuwa nyuma yake, akinyoosha mkono kumsaidia. Alikuwa mrefu, amevaa jaketi la bluu la ofisi ya mtaa, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

"Anaye, tena anampenda," mwanamke mmoja alidakia kutoka pembeni. "Bosi wake ndiye hana." Alivaa koti la sufu rangi ya kutu na raba nyeupe, daftari mkononi. Alikuwa amesimama pale saa nzima bila kula, akihesabu wazee wanaokata tamaa na kuondoka.

"Kumbe ni kazi yako hii?"

"Hii? Mungu aniepushe! Mimi natengeneza nyingine."

"Basi ikiwa tayari niite, niitukane mapema."

Bibi, supu yake ikiwa imeshaagizwa, aliwatazama wote wawili. "Oaneni basi, mniache nile."

Foleni nzima ilicheka. Mwanamke aliitwa Narae, kijana aliitwa Gyutae, na kabla supu haijapoa walikuwa wameshapeana namba.

Kazi ya Narae ilikuwa hivi. Kila asubuhi akili mnemba iliwapigia simu wazee wanaoishi peke yao, ikazungumza nao kwa sauti ya upole, kisha ikamjulisha afisa wa mtaa walivyo. Narae hakuitengeneza sauti. Yeye alitengeneza skrini ya afisa, namna mashine itakavyomwambia binadamu ilichosikia. Kijani: mzee yu salama. Nyekundu: kimbia. Njano: sina hakika, nenda ukamwone.

"Njano ndiyo moyo wa kazi yangu," alimwambia Gyutae wakila keki za samaki sokoni. "Mashine ikikiri kwamba haijui, ndipo unaweza kuiamini ikisema inajua."

"Endelea kusema hivyohivyo, laazizi. Nimesahau hata kutafuna."

Mtaa aliouhudumia Gyutae kama afisa ulikuwa wa kwanza kupewa huduma hiyo. Ni mtaa wa mlimani, nyumba juu ya nyumba, ngazi tupu. Nyumba ya mwisho kabisa juu alikaa Bibi Sunnyeo, aliyemlea Gyutae tangu ana miaka mitatu, na ambaye alikataa katakata kuhamia kwenye maghorofa ya lifti. Gyutae mwenyewe ndiye aliyeandika jina lake kwenye orodha.

Narae alipopelekwa kutambulishwa, bibi alimrundikia samaki juu ya wali hadi wali ukapotea.

"Huyu mjukuu wangu anakoroma. Bado unamtaka?"

"Namtaka, bibi. Nitaziba masikio."

"Haya, mchukue. Nimechoka naye."

Harusi ilipangwa iwe Oktoba.

Tatizo lilikuwa njano. Kwetu huku "umekula?" ni salamu, na mzee atajibu "nimekula" hata kama sufuria haijaona moto tangu jana, maana hataki kuwasumbua watoto. Mashine ilisikia neno, ikasikia na uchovu nyuma ya neno, ikatia shaka. Kila kukicha nusu ya orodha ilikuwa njano.

"Mpenzi, hiyo njano yako itaniua," Gyutae alilalamika kwenye simu, akihema. "Leo nimepanda mlima mara tisa. Mara tisa! Wa mwisho nimemkuta anacheza karata, akanicheka usoni."

"Si afadhali kumkuta anacheka?"

"Afadhali. Lakini jana ulinisubiri mezani peke yako, na juzi pia. Ipunguze, Narae. Nakuomba. Na mimi nataka kuwa na mchumba, siyo kusikia tu sauti yake."

Narae alicheka, lakini lile neno lilimwingia. Maafisa wengine nao walilalamika, na bosi alikuwa amemshikia shoka kichwani. Wiki iliyofuata akaifuta njano. Shaka yoyote isiyofikia nyekundu ikawa kijani, na hakuna mahali kwenye skrini palipoandikwa kwamba kuna shaka. Maafisa walishangilia. Gyutae akawa anafika kwa wakati, nywele zimechanwa, na wakala pamoja kama watu wengine. Ilikuwa miezi mitamu, haki ya Mungu.

Mwezi wa saba mvua zilishuka na nyumba za chini zikaingia maji. Gyutae alishinda akibeba watu na magodoro. Hakupata nafasi ya kupanda juu kwa bibi, ila kila asubuhi alitazama skrini. Jumatatu kijani. Jumanne kijani. Jumatano kijani, akabusu kioo cha simu na kurudi kwenye maji.

Alhamisi bibi hakupokea simu. Skrini ilipokuwa nyekundu Gyutae alikimbia ngazi zote bila kupumzika, akamkuta kwenye godoro lake chini, homa ya mapafu imemmaliza nguvu, jiko halijawashwa siku nyingi. Siku tatu alikuwa anaiambia mashine, "Nimekula, mwanangu, usijisumbue." Alifia hospitalini jioni ileile.

Narae alikaa msibani siku zote tatu za maombolezo akipakua vyakula na kuinamia wageni kwa heshima. Lakini siku ya pili, mchana, alikuwa amechungulia kumbukumbu za mashine, akampigia bosi kumweleza alichokiona. Bosi alimwambia anyamaze, kwani hakuna mwingine anayejua.

Kesho ya mazishi alimfuata Gyutae kwenye benchi nje ya ofisi ya mtaa. Gyutae alikuwa bado amevaa suti nyeusi na kitambaa cha msiba mkononi.

"Gyutae, kuna kitu lazima ukijue. Mashine ilitia shaka. Siku zote tatu. Ilisikia anavyohema."

"Iliniambia kijani."

"Mimi ndiye niliyeiambia ikuambie kijani."

"Ungeweza kunificha, Narae. Nisingejua maisha yangu yote."

"Ndiyo. Ungeishi na mimi ukiona kijani kila siku. Nimeshindwa."

"Mimi ndiye niliyekuomba uipunguze."

"Uliomba. Kukubali nilikubali mwenyewe. Kazi ni yangu, siyo yako."

Gyutae alisimama, akaingia ofisini bila kugeuka. Kuanzia hapo simu za Narae kwake ziliita hadi zikakatika. Narae alipigana na bosi wake, akaweka barua ya kuacha kazi mezani kama tishio, hadi wakamrudishia njano. Oktoba ilifika na ukumbi ukapewa maharusi wengine.

Asubuhi moja, akiwa kazini, simu yake iliita.

"Nimeona njano imerudi," alisema Gyutae.

"Imerudi. Chini yake kuna maelezo ya kwa nini mashine ina shaka."

"Nimeyasoma. Yamenipeleka kwa mzee mmoja, nikamwahi. Atapona."

Narae aliziba mdomo kwa kiganja. "Rudi, roho yangu. Nifokee, nitukane, lakini rudi."

"Sina cha kukutukana. Hakuna mtu duniani ninayemwamini kama wewe."

"Basi rudi!"

"Nafika hadi mlangoni kwako, Narae. Mara nne sasa. Nikitaka kugonga namwona bibi kwenye godoro, halafu nasikia sauti yangu mwenyewe ikikubembeleza nipate muda wa kula na wewe. Nikikutazama najiona mimi. Siwezi."

"Nitakusubiri."

"Usinisubiri, mpenzi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Gyutae? Gyutae!"

Alikuwa ameshakata. Narae alibaki na simu sikioni, akilia bila kujificha mbele ya ofisi nzima, mpaka mwenzake mmoja akamsogezea kiti na kumkalisha.