Gurudumu la Mwisho

Jumapili moja ya Agosti 1996, saa saba mchana, mzee Thadei alirudi kutoka misani, akakuta gurudumu la mwisho la injini yake halipo mezani.

Injini yenyewe ilikuwa mfano wa treni, wa plastiki, ndefu kama kiganja, vipande mia moja na kumi alivyovigundisha kimoja kimoja kwa miezi saba. Aliachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao. Jumanne mwanawe Gideon angekuja Mpanda kuwahamishia Tabora, mzee na mkewe Rozalia, maana mzee alishaahidi: "Nikimaliza kazi ya padre, tunaondoka." Enzi zake za udereva, treni zilichelewa sana, lakini ahadi zake hazikuchelewa hata siku moja.

Koplo Nyanzala wa polisi, jirani yao, alikuwa mapumzikoni. Alikuja na daftari lake hivyo hivyo.

"Nani aliingia, mama?"

"Masele fundi baiskeli, kuomba gundi. Beseni lake limepasuka. Na Fabiani, rafiki yake mzee, kuleta mchele."

"Na wewe?"

"Mwanangu, mimi ningeiba gundi. Miezi saba ugali wangu unanuka gundi."

Nyanzala aliinamia meza. Gurudumu lilikuwa limekatwa kwa wembe kutoka kwenye fremu, kile kijiti cha plastiki kinachoshikilia vipande, na kando palikuwa na vumbi jeusi, laini.

"Hili la nini, mzee?"

"La msasa. Ukikata kipande kinabaki na kinundu, lazima ukisugue. Ila leo sijasugua kitu."

Saa tisa Nyanzala akawaita Masele na Fabiani. Akampa kila mmoja wembe na kipande kibovu cha fremu. "Kateni."

Masele alikata, akaweka mezani, akauliza kama anaweza kwenda, kuna mteja anangojea tyubu. Fabiani naye alikata. Kisha, bila hata kutazama, mkono wake ukaufuata msasa. Alisugua mara tatu, akaacha.

Alitoa mfukoni kikopo cha ugoro. Gurudumu lilikuwa ndani, limelazwa kwenye pamba.

"Ni mimi, afande." Lakini alikuwa akimtazama Thadei. "Tangu nimzike mke wangu Eufrazia, kila alasiri napiga baiskeli toka Mwamkulu nije nikae meza hii. Sina pengine. Nikasema likikosekana tairi moja, labda nyie mtabaki hata wiki."

Thadei alilipeleka gurudumu kwenye mwanga, akalipitishia kidole gumba.

"Mwizi gani anapiga msasa?"

"Ndivyo ulivyonifundisha."

Machozi yalimlenga mzee. Alimpenda mtu huyu kuliko ndugu zake wa damu, na hakuwahi kumwambia. Akamsogezea gundi. "Bandika wewe."

Lilipokaa, Thadei alivuta sanduku chini ya kitanda. Lilikuwa halijafunguliwa, juu limechorwa meli.

"Vipande mia mbili na arobaini. Nilitaka nikuachie. Lakini na hii ni ya padre, kwa hiyo kazi haijaisha. Gideon nitamwambia mwenyewe."

Nyanzala alichana ukurasa wake, akauliza kipande cha kwanza ni kipi. Rozalia aliingia ndani, wakamsikia akifungua mizigo na kurudisha sufuria jikoni, moja baada ya nyingine.